Dakika za Zimamoto: Jinsi ya Kujua Kama Kikosi Kinawafikia Watu Wake

Ripoti nyingi za vikosi vya zimamoto huanza na namba moja: wastani wa dakika za kufika kwenye tukio. Namba hiyo ndiyo viongozi huinukuu, ndiyo magazeti huiandika, na ndiyo mwananchi huondoka nayo. Ikishuka watu hupongezana, ikipanda hulaumiana. Lakini anayetaka kujua kama kikosi kweli kinaweza kuwaokoa watu wa eneo lake hatapata kwa namba hiyo hata nusu ya jibu, na mara nyingine itamficha jambo lenyewe analolitafuta.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wito kumi wa dharura. Gari la kwanza lilifika baada ya dakika 3, 4, 4, 4, 5, 5, 5, 6, 14 na 15. Jumlisha upate 65, gawa kwa kumi, wastani ni dakika 6 na nusu. Katika hao kumi hakuna hata mmoja aliyefikiwa kwa dakika 6 na nusu. Wanane walifikiwa mapema zaidi, wawili walisubiri zaidi ya mara mbili ya muda huo. Sasa tuseme hao wawili wote wanaishi mtaa mmoja ulio ng'ambo ya reli, wenye kivuko kimoja tu cha magari. Wastani umechukua shida ya mtaa huo ukaigawa kwa watu wote, hadi haionekani tena kuwa ni ya mtu.

Kwa sababu hiyo watathmini wazoefu huuliza vingine: katika kila wito kumi, tisa zilifikiwa ndani ya muda gani? Katika mfano wetu jibu ni dakika 14. Kipimo hiki cha asilimia 90 ndicho kinachotumiwa na viwango vinavyoheshimika vya fani hii, na kinamlazimisha mkuu wa kikosi kuutazama mtaa wa ng'ambo ya reli. Hata hivyo kinaacha asilimia 10 nje, na hapo ndipo pa kuuliza kwa ukali zaidi. Waliochelewa kufikiwa ni akina nani? Wakiwa wametawanyika huku na huku, leo hapa kesho pale, huenda ni bahati mbaya ya foleni au ya magari kuwa kwenye tukio jingine. Wakiwa ni wa mahali palepale kila mwezi, hilo ni pengo, na pengo lina anwani.

Saa inaanza kuhesabu lini?

Kuna swali ambalo ripoti hulipita haraka: hizo dakika zimehesabiwa kuanzia wapi hadi wapi? Kati ya moto kushika pazia na maji kuugusa moto huo kuna hatua nyingi. Kuna muda ambao moto unawaka na hakuna anayejua. Kuna muda wa mtu kuhangaika kutafuta simu. Simu ikipokelewa, mpokeaji lazima aelewe kimetokea nini na wapi, na hapo sekunde nyingi hupotea mahali ambapo nyumba hazina namba na njia hazina majina, maana mpigaji huelekeza kwa alama za mtaani ambazo mpokeaji hajawahi kuziona. Kisha kituo kinapewa taarifa, wazimamoto wanavaa na kupanda, gari linasafiri, linafika, mipira ya maji inatandazwa, ndipo kazi inaanza.

Kikosi kinachohesabu safari ya gari peke yake kinaweza kutangaza dakika 4 bila kusema uongo wowote, ilhali kwa aliyepiga simu zilikuwa 8 au 9. Kiwango cha NFPA 1710 cha chama cha kitaifa cha kinga ya moto cha Marekani (NFPA), kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa vikosi vyenye waajiriwa wa kudumu, kinazitenganisha hatua hizi kwa makusudi. Kama ni moto, wazimamoto wana sekunde 80 za kujiandaa hadi gari lianze kuondoka. Kama ni mgonjwa, sekunde 60. Gari la kwanza la kuzima moto linapaswa kusafiri kwa sekunde 240 au pungufu. Vyote hivyo vitimie katika angalau asilimia 90 ya wito. Vikosi vya kujitolea vina kiwango chao, NFPA 1720, kinachotazama msongamano wa watu: katika eneo la mjini watu 15 wawe wamefika ndani ya dakika 9, katika eneo la vijijini watu 6 ndani ya dakika 14. Mtu wa kijijini anaambiwa wazi kwamba atasubiri zaidi. Naona uwazi huo ni bora kuliko ahadi moja kwa wote ambayo kila mtu anajua haitatimizwa.

Kuzitenganisha hatua kuna faida ya moja kwa moja kwenye fedha. Kama muda unapotelea kwenye simu, kujenga kituo kipya hakutasaidia kitu. Dawa ni mafunzo ya wapokeaji na mfumo mzuri wa anwani. Kama unapotelea kituoni, nenda kituoni ukatazame. Wazimamoto wanalala umbali gani kutoka lilipoegeshwa gari? Wanapita milango mingapi? Mavazi yametundikwa kando ya gari au kwenye chumba kingine? King'ora kinasikika hadi jikoni? Haya ndiyo marekebisho ya gharama ndogo kuliko yote, na husahaulika kwa kuwa hakuna anayepima sekunde za kituoni.

Na saa inasimama wapi? Wengi huisimamisha gari linapofunga breki mbele ya jengo. Mgonjwa aliyeanguka ghorofa ya 14 bado hajafikiwa. Mlinzi anatafuta ufunguo wa geti, lifti inasubiriwa, ukumbi mrefu unapitwa. Mtu ambaye moyo wake umesimama hupoteza takriban asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona kwa kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo kwa mashine. Kwake dakika 3 za kusubiri lifti ni sawasawa na dakika 3 za foleni barabarani, ila za foleni huandikwa kwenye ripoti na za lifti haziandikwi. Jiji linaloota maghorofa kila mwaka linaweza kuwa na wakati uleule wa kufika mlangoni huku wakazi wake wakizidi kuchelewa kufikiwa.

Moto wa sasa una haraka

Dakika hizi hupata maana yake kutokana na tabia ya moto wenyewe. Moto ukianzia kwenye kochi, moshi na hewa ya moto hujikusanya chini ya dari, joto linazidi kushuka chini, hadi inafika nukta ambapo kila kinachoweza kuungua chumbani kinashika kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo aliyekuwa ndani ya chumba hicho hana matumaini, na hata mzimamoto aliyevaa mavazi kamili yuko hatarini.

Maabara ya UL nchini Marekani, inayopima usalama wa bidhaa, ilichoma vyumba viwili vinavyofanana kwa ukubwa, kimoja chenye samani za zamani za mbao, pamba na vitambaa vya asili, kingine chenye samani za sasa zilizojaa sponji na nyuzi za plastiki. Chumba cha samani za sasa kilifika kwenye nukta hiyo ndani ya dakika 5. Cha samani za zamani kilichukua kama nusu saa. Jaribio lilirudiwa na matokeo yakaelekea upande uleule.

Hebu tufanye hesabu. Tupe dakika 1 ya kupokea simu, sekunde 80 za kujiandaa, na sekunde 240 za safari. Jumla ni dakika 6 na sekunde 20, na maji bado hayajatoka. Hapo tumemchukulia mpigaji kuwa aliuona moto ulipoanza tu. Maana yake kikosi kinachotimiza kiwango kwa ukamilifu kinaweza kufika na kukuta chumba kilichoanzia moto kimeshakwisha. Kazi inayobaki ni kuuzuia usiende chumba cha pili, usiende nyumba ya jirani, na kuwatoa walio upande mwingine wa mlango uliofungwa. Hiyo ni kazi kubwa na huokoa maisha ya watu. Lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini tathmini inayozungumzia magari na vituo tu imekatika katikati: mtu aliyelala kwenye chumba kile anaokolewa na kitu kilichomwamsha katika dakika ya kwanza. Takwimu za NFPA za moto wa majumbani Marekani zinaonyesha kuwa pale penye kitambua moshi kinachofanya kazi, vifo kwa kila moto ulioripotiwa ni chini ya nusu ya vile vinavyotokea pale ambapo hakipo au kimeharibika. Betri iliyokufa ndani ya kitambua moshi ni pengo la huduma kama lilivyo pengo la kituo.

Hesabu ya vituo

Watu wengi wakisikia kuna mtaa usiofikika, jibu la kwanza ni kwamba kijengwe kituo. Mara nyingine ndilo jibu sahihi. Lakini umbali una hesabu yake, na haina huruma. Mwaka 1973 Peter Kolesar na Edward Blum, waliokuwa wakifanya utafiti kuhusu zimamoto ya New York, walionyesha kwamba wastani wa umbali wa safari hufuata kipeuo cha pili cha eneo gawa kwa idadi ya magari yaliyo huru. Kwa lugha nyepesi: ukitaka kupunguza wastani wa umbali kwa nusu, unahitaji vituo mara nne. Jiji lenye vituo 10 lingehitaji 40. Hakuna bajeti inayovumilia hivyo kwa muda mrefu.

Geuza hesabu hiyohiyo upande wa pili na utaona hatari yake. Jiji lenye vituo 10 likifunga kimoja, wastani wa umbali kwa jiji zima unapanda kwa kama asilimia 5 tu. Kwenye meza ya bajeti asilimia 5 inaonekana ni sekunde chache za kuvumilika. Kwa familia zilizokuwa mita mia tatu kutoka kituo kilichofungwa, huenda safari imekuwa mara tatu au nne. Ni ule wastani wetu wa mwanzo, umerudi ukiwa umevaa suti ya kitaalamu.

New York yenyewe ililipitia hili. Katika miaka ya 1970, fedha zilipokuwa zimekauka, jiji lilifunga au kuhamisha timu kadhaa za zimamoto, zikiwamo za eneo lake la Bronx, wakati mitaa hiyo ilikuwa inaungua kuliko mingine. Mifumo ya hesabu iliyosaidia uamuzi ilitazama sana umbali kati ya kituo na kituo. Mitaa maskini yenye nyumba za zamani zilizobanana ilikuwa na vituo vilivyokaribiana, kwa hiyo kwenye karatasi ilionekana kama imependelewa. Kilichokosa uzito ni kwamba vituo hivyo vilikaribiana kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi: timu moja ikiwa kwenye moto, ya jirani nayo ilikuwa kwenye moto mwingine. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ufungaji ule ulichangia kiasi gani uharibifu wa Bronx, lakini kosa la kupima umbali na kusahau shughuli limebaki kuwa somo la fani nzima.

Somo hilo lina jina lake kwenye tathmini za leo: gari lipo? Ramani ya rangi inayoonyesha duara la dakika 4 kuzunguka kila kituo inachukulia kwamba gari limeegeshwa ndani likisubiri. Kama gari la kituo fulani liko kazini asilimia 30 ya muda, basi wito karibu 3 katika kila 10 utakaotoka kwenye duara hilo utajibiwa na kituo cha mbali zaidi. Na magari ya zimamoto siku hizi hayatoki kwa ajili ya moto tu. Marekani mwaka 2020, karibu theluthi mbili ya wito wote wa zimamoto zilikuwa za wagonjwa, na moto wenyewe ulikuwa chini ya asilimia 5. Kwa hiyo swali la kama gari la moto litakuwepo moto ukitokea linategemea kwa kiasi kikubwa ni wagonjwa wangapi wameanguka saa hiyo.

Ramani hizo zina udhaifu mwingine, wa mwendo. Kanuni moja maarufu iliyotokana na tafiti za shirika la utafiti la RAND la Marekani inakisia muda wa safari kwa kuchukulia mwendo wa wastani wa maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. Kwenye barabara pana zilizonyooka inatoa makisio mazuri. Kwenye jiji lenye foleni ya jioni, matuta, na vichochoro ambavyo gari la tani kumi na kadhaa haliwezi kukata kona, kanuni hiyo itakudanganya kwa upole. Dawa inajulikana: chukua kumbukumbu halisi za safari za kikosi, zigawe kwa saa za siku na kwa msimu, uone mtaa uleule ulivyo mbali saa kumi na moja jioni na ulivyo karibu saa tisa usiku.

Gari moja si kikosi

Kuna dhana mbili ambazo lugha ya takwimu huzichanganya na ambazo lazima zitenganishwe. Ya kwanza ni mtawanyiko: vituo vimepangwa vipi ili gari la kwanza lifike haraka. Ya pili ni mkusanyiko: inachukua muda gani hadi watu wa kutosha wakusanyike kwenye tukio moja kufanya kazi zote zinazotakiwa kwa pamoja.

Fikiria moto wa nyumba ya kawaida ya familia. Mmoja anaendesha pampu. Wawili wanaingia na mpira wa maji. Wengine wanatafuta watu vyumbani, wengine wanafungua njia ya moshi, wengine wanasimamisha ngazi, wengine wanaunganisha maji, na wawili lazima wakae nje wakiwa wamevaa mitungi ya hewa, tayari kuwafuata wenzao wakikwama. Kuna kamanda anayeangalia yote. Kazi hizi haziwezi kupangwa foleni, kwa sababu moto hauko kwenye foleni. NFPA 1710 inataka kundi hilo kamili, zaidi ya watu 14 kwa nyumba ya aina hii, liwe limefika ndani ya sekunde 480 za safari.

Mwaka 2010 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani (NIST) ilitoa matokeo ya majaribio ya kupima kazi 22 za kwenye moto wa nyumba, timu zikiwa za watu wawili, watatu, wanne na watano kwa kila gari. Timu za watu wanne zilimaliza kazi zote kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 30 kuliko za watu wawili, na kwa asilimia 25 kuliko za watu watatu. Magari yalikuwa yaleyale, nyumba ileile. Kikosi kinachojivunia kufika kwa dakika 4 kikiwa na watu wawili ndani ya gari kimefika, lakini bado hakijaweza kuanza kazi.

Maji nayo yako kwenye hesabu hii, ingawa wananchi wengi huyakumbuka pale tu gari linapoishiwa katikati ya kazi. Gari hubeba maji ya dakika chache. Baada ya hapo lazima kuwe na haidranti, yaani bomba la barabarani la kuunganishia mipira ya zimamoto, inayotoa maji, au bwawa, au magari ya maji yanayopokezana. Shirika la ISO (Insurance Services Office), linalovipanga vikosi vya Marekani kwa daraja la 1 hadi 10 kwa ajili ya kampuni za bima, linatoa alama 50 kwa kikosi chenyewe, 40 kwa mfumo wa maji, na 10 kwa mawasiliano ya dharura, pamoja na nyongeza ndogo ya 5.5 kwa shughuli za kupunguza hatari. Maji yanakaribia kuwa na uzito sawa na wazimamoto wenyewe. Haidranti iliyofukiwa na lami wakati wa kukarabati barabara haionekani kwenye wastani wa dakika za kufika.

Hatari iko wapi, na iko kwa nani

Hadi hapa tumezungumzia uwezo wa kufika. Nusu ya pili ya tathmini inauliza wanakoenda kuna nini. Bila nusu hiyo, dakika 4 ni namba tupu: dakika 4 kufika kwenye jalala linaloungua na dakika 4 kufika kwenye wodi ya wagonjwa wasioweza kutembea ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatari hupimwa kwanza kwa pande mbili: jambo linatokea mara ngapi, na likitokea linaumiza kiasi gani. Moto wa takataka hutokea kila siku na madhara yake ni madogo. Moto wa ghala la mafuta huenda usitokee kwa miaka 20, lakini siku ukitokea jiji zima litajua. Watathmini wa sasa huongeza upande wa tatu: tukio hilo litameza kiasi gani cha uwezo wa kikosi, na nani atabaki bila ulinzi wakati huo? Upande huu wa tatu ndio unaoonyesha udhaifu wa vikosi vidogo, ambavyo moto mmoja wa kiwanda huacha mji mzima bila gari hata moja.

Uingereza inatoa funzo zuri la namna hatari inavyoweza kupimwa vibaya kwa miongo. Kwa muda mrefu nchi hiyo ilikuwa na viwango vya kitaifa vilivyogawa maeneo kwa herufi A hadi D. Eneo la A, kama vile katikati ya jiji kubwa lenye maduka na ofisi, lilistahili magari mawili ndani ya dakika 5 na la tatu ndani ya 8. Eneo la D la vijijini lilistahili gari moja ndani ya dakika 20. Utaratibu ulieleweka na ulipimika kwa urahisi. Kasoro yake ilikuwa kwamba ulitazama majengo zaidi ya watu. Ofisi za katikati ya jiji, zilizo tupu usiku, zilipewa ulinzi mzito kuliko makazi ya pembezoni ambako watu walikuwa wakifa vitandani. Sheria ya mwaka 2004 ikaachana na mpangilio huo, na kila kikosi kikatakiwa kuandaa mpango wake kulingana na hatari za eneo lake. Kikosi cha Merseyside, eneo la jiji la Liverpool, kilijulikana sana kwa kuwatembelea watu majumbani na kuwafungia vitambua moshi bure, kazi ambayo viwango vya zamani havikuwa na safu ya kuiandika.

Lakini hata kasi ya kufika na mpango wa eneo haviwezi kufidia hatari iliyojengwa ndani ya ukuta. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, simu ya kwanza kuhusu moto katika jengo la Grenfell, London, ilipigwa saa 6:54 usiku. Wazimamoto wa kwanza walifika kama dakika 5 baadaye. Kwa kipimo chochote cha muda wa kufika, hiyo ni huduma nzuri. Moto ulikuwa umetokea jikoni kwenye ghorofa ya nne. Ukashika vifuniko vya nje vya jengo vilivyokuwa na plastiki inayowaka, na katika muda wa kama nusu saa ukawa umefika juu kabisa ya jengo la ghorofa 24. Watu 72 walipoteza maisha. Uchunguzi wa umma ulionyesha makosa ya walioliweka jengo katika hali ile, na pia udhaifu wa kikosi katika kujiandaa kwa moto wa aina hiyo, hasa kuchelewa kubadili agizo la watu kubaki ndani. Hakuna ramani ya dakika ambayo ingeonyesha hatari ile. Ingeonyeshwa na mtu aliyepanda kwenda kukagua kilichobandikwa ukutani, akawa na mamlaka ya kusema kibanduliwe.

Kwenye makazi yaliyobanana yasiyopimwa hatari ina sura nyingine. Mwezi Machi 2017 moto ulipita Imizamo Yethu, Cape Town, ukateketeza zaidi ya nyumba 2,000. Katika makazi kama hayo kuta zinagusana, moto huruka kutoka paa hadi paa kwa upepo, na njia ni nyembamba kiasi kwamba gari linafika pembeni na kusimama. Takwimu zitaandika kwamba limefika. Mita mia mbili zilizobaki za kuvuta mpira kati ya kuta haziandikwi. Ndiyo maana kwenye maeneo hayo kufungua njia kati ya nyumba kunaweza kuwa ulinzi mkubwa kuliko kununua gari jipya, na mpango wa namna hiyo unastahili kuandikwa kwenye tathmini ya zimamoto hata kama fedha zake zinatoka idara ya ardhi.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja zaidi, kwa kuwa linaumiza watu kimyakimya. Tathmini nyingi hupima hatari kwa kuhesabu wito uliopita: penye simu nyingi ndipo penye hatari. Lakini simu hupigwa na mwenye imani kwamba atasaidiwa. Mtaa ambao gari lilichelewa mara tatu huacha kupiga. Watu hubeba ndoo, hubomoa ukuta wa jirani kuzuia moto, humpakia mgonjwa kwenye pikipiki. Kumbukumbu za kikosi zitauonyesha mtaa huo kuwa shwari, na mgao ujao utaupunguzia zaidi. Mtathmini makini hulinganisha kumbukumbu za zimamoto na za hospitali, kwa kuwatafuta walioungua, na za polisi, na za ofisi za mitaa. Huuliza wazee wanaoishi peke yao wako wapi, wenye ulemavu, wanaopika ndani ya chumba wanachokilala, wanaounganisha umeme kwa nyaya zilizochoka. Pale ramani ya mateso isipolingana na ramani ya simu, aiamini ramani ya mateso.

Baada ya vipimo

Pande mbili zikishawekwa pamoja, ramani ya hatari juu ya ramani ya ufikaji, mapengo hujitokeza yenyewe, na kila moja lina dawa yake. Pengo la mtaa wa ng'ambo ya reli huenda likatibika kwa makubaliano na kikosi cha wilaya ya jirani, ambacho gari lake liko karibu zaidi ila mpaka wa utawala unalizuia. Pengo la saa za jioni linaweza kutibika kwa kuhamishia gari moja mahali pengine kwa saa nne. Pengo la mkusanyiko wa watu halitibiki kwa kituo kipya chenye watu wawili, linahitaji ajira. Na kuna mapengo ambayo hayatazibika kwa gari lolote, kama vijiji vilivyo mwendo wa dakika 40, ambako haki ya wakazi ni kuambiwa ukweli huo, kisha kupewa vitambua moshi, mafunzo, matangi ya maji, na kikundi cha kujitolea chenye vifaa.

Kiasi gani cha hatari kinavumilika si uamuzi wa mkuu wa kikosi peke yake, wala wa mshauri aliyeajiriwa kuandika ripoti. Ni uamuzi wa wanaolipa na wanaoungua, kupitia wawakilishi wao. Kazi ya mtaalamu ni kuwawekea mezani machaguo pamoja na gharama na matokeo yake: tukitumia kiasi hiki, mitaa hii itafikiwa ndani ya muda huu na hii haitafikiwa. Ripoti inayoleta pendekezo moja tu imeshawaamulia.

Kwa hiyo siku ripoti ya namna hii itakaposomwa mbele ya wananchi, omba uonyeshwe muda unaoanzia simu inapolia, kwa kipimo cha asilimia 90, mtaa kwa mtaa. Uliza watu wangapi hupanda kila gari usiku, na kundi kamili hukusanyika baada ya dakika ngapi. Uliza haidranti zilijaribiwa mwisho lini. Na ukijibiwa kwamba takwimu hizo hazijawahi kukusanywa, basi kazi ya kwanza imeshajulikana: kila wito uandikiwe saa zake zote, hatua kwa hatua, kwa mwaka mzima, kabla ya kununua gari jingine.